Manute Bol: Nyota wa NBA aliyerudi Marekani kama mkimbizi

Msimu wa kawaida wa ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, humalizika katikati ya Aprili, kila timu ikiwa imecheza mechi 82. Hatimaye hubaki timu 16 za mchujo, na kuanzia hapo usingizi huwa adimu kwa mashabiki wa Dzaleka. Mechi inayoanza saa moja jioni mjini New York huwa ni saa saba usiku kwa saa za Malawi. Ile ya pwani ya magharibi huanza karibu na alfajiri. Mfanyabiashara anayetakiwa kupanga bidhaa zake sokoni jua likichomoza inabidi achague: alale, au akeshe na simu mkononi huku kifurushi cha intaneti kikiyeyuka.

Kambi hiyo iko wilaya ya Dowa, kilomita 40 hivi kaskazini mwa Lilongwe. Enzi za Rais Kamuzu Banda ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, na mwaka 1994 ikafunguliwa kwa wakimbizi. Ilikusudiwa kupokea watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, kisha Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wakinunua na kuuza.

Kwa Wakongo, mazungumzo ya mchujo hayakamiliki bila jina la Dikembe Mutombo. Mwaka huohuo wa 1994 aliiongoza Denver Nuggets, timu iliyoshika nafasi ya nane, kuitoa Seattle iliyokuwa ya kwanza, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla ya hapo. Ushindi ule ulitokana na ulinzi chini ya kikapu. Lakini kabla ya Mutombo, mlango huo ulikuwa umeshapitwa na Mwafrika mwingine mrefu kumzidi, ambaye maisha yake yanafanana zaidi na ya watu wa Dzaleka kuliko ya nyota yeyote wa kikapu.

Manute Bol alizaliwa Turalei, katika eneo ambalo sasa ni jimbo la Warrap, Sudan Kusini. Kumbukumbu zinasema ni tarehe 16 Oktoba 1962, ingawa tarehe hiyo iliandikwa baadaye na watu waliohitaji kujaza fomu. Alikuwa Mdinka, mtoto wa mzee wa ukoo, na ujana wake ulikuwa wa kuchunga ng'ombe. Mwenyewe alisimulia kwamba aliwahi kumuua simba kwa mkuki, tena simba aliyekuwa amelala.

Alianza na soka, akaacha kwa sababu ya urefu. Kikapu alijifunza mjini Wau, kisha akahamia Khartoum. Inasimuliwa kwamba mara ya kwanza aliporuka kudanki alivunja meno kwenye nyavu. Alipoacha kukua alikuwa na futi 7 na inchi 7, sawa na sentimita 231, na mwili mwembamba ambao haukufika mbali na kilo 90.

Mwaka 1982 kocha Mmarekani, Don Feeley, alikwenda Sudan kufundisha akamwona. Mwaka uliofuata Manute alikuwa Marekani, na hapo ndipo matatizo ya karatasi yalipoanza. Yeyote aliyewahi kusimama dirishani Kasumulu au Mchinji akiambiwa kwamba jina kwenye pasi halifanani na la kwenye kibali atalielewa vizuri jambo hili. Pasi ya Manute ilionyesha kwamba urefu wake ni futi 5 na inchi 2. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba ofisa alimpima akiwa ameketi. Yaani mtu mrefu kuliko wote katika historia ya ligi hiyo hadi wakati ule alikuwa, kwa mujibu wa serikali yake, mfupi kuliko makarani wengi.

San Diego Clippers walimchagua katika drafti ya 1983, lakini ligi ikaufuta uteuzi huo kwa kuwa taratibu za kujiandikisha hazikufuatwa. Chuo kikuu cha Cleveland State kilimtaka, naye akakaa Cleveland akijifunza Kiingereza, ila hakuruhusiwa kukichezea. Hatimaye alipata nafasi katika chuo kidogo cha Bridgeport, jimbo la Connecticut, msimu wa 1984/85. Huko alikuwa na wastani wa pointi 22.5, ribaundi 13.5 na bloku 7.1 kwa mechi. Mwaka 1985 Washington Bullets, ambayo sasa ni Wizards, ilimchagua akiwa wa 31.

Msimu wake wa kwanza bado unatajwa. Alizuia mitupo 397, karibu mitano kwa kila mechi, rekodi ya mchezaji mgeni ambayo haijavunjwa. Katika msimu mmoja ni Mark Eaton wa Utah Jazz peke yake aliyewahi kumzidi, kwa bloku 456 za msimu uliotangulia. Mara mbili Manute alizuia mitupo 15 katika mechi moja. Alipomaliza kazi alikuwa ameingia uwanjani mara 624, akiwa na bloku 2,086 na pointi 1,599. Hakuna mchezaji mwingine mkubwa wa NBA aliyezuia mitupo mingi kuliko pointi alizofunga. Mwaka 1987 Bullets walimleta Muggsy Bogues mwenye futi 5 na inchi 3, na picha ya wawili hao wakisimama pamoja ikauza tiketi nyingi kuliko mpira wenyewe, jambo ambalo lilimpunguzia Manute heshima aliyostahili kama mlinzi.

Kwenye mchujo, bahati haikuwa yake. Bullets walitolewa raundi ya kwanza na Philadelphia mwaka 1986, kisha Detroit ikawatoa 1987 na tena 1988. Mwaka 1989 akiwa Golden State Warriors, timu iliyoshika nafasi ya saba, walikutana na Utah iliyokuwa ya pili, na chini ya kikapu cha Utah alisimama yuleyule Eaton. Kocha Don Nelson alikuwa na ujanja wake: alitaka kumvuta Eaton mbali na kikapu chake. Hata Manute alikuwa ameruhusiwa kutupa mitupo ya pointi tatu, kitu ambacho mrefu wa enzi ile hakukifanya, na msimu ule alifunga 20 kati ya 91. Utah walitolewa kwa mechi tatu bila. Shabiki wa leo anayeona majitu wakitupa kutoka mbali na kudhani ni uvumbuzi wa juzi, aanzie hapo.

Phoenix waliizima safari hiyo raundi iliyofuata. Mwaka 1991, akiwa Philadelphia pamoja na Charles Barkley, waliitoa Milwaukee kisha wakakutana na Chicago ya Michael Jordan, iliyokuwa njiani kuchukua ubingwa wake wa kwanza. Manute hakupata pete ya ubingwa hata moja. Alipata usiku mmoja wa Machi 1993 mjini Phoenix, alipofunga mitupo sita ya pointi tatu katika kipindi cha pili. Baridi yabisi ilikuwa imeanza kuvishika viungo vyake, na mwaka uliofuata safari yake ya NBA ilikwisha.

Wakati wote huo nyumbani kulikuwa kukiungua. Vita vya pili vya Sudan vilianza 1983, mwaka uleule alioondoka, na vikaendelea hadi 2005. Viliua watu wanaokadiriwa kufika milioni mbili, wakiwemo ndugu zake wengi. Manute alitembelea kambi za wakimbizi wa Sudan, akawashawishi wanasiasa mjini Washington, na akatoa fedha zake kwa watu wa kusini na kwa upande wao wa vita. Inakadiriwa alitoa dola milioni 3.5. Wapo waliomcheka kwa kutojiwekea akiba. Mfanyabiashara aliyekwisha kufunga duka ili kulipia mazishi ya ndugu kijijini hatamcheka.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 alirudi Khartoum, akiamini kwamba mazungumzo ya amani yangefika mahali. Serikali ilimpa wadhifa wa uwaziri wa michezo. Sharti mojawapo lilikuwa abadili dini kutoka Ukristo, akakataa. Baadaye alituhumiwa kuwaunga mkono waasi wa SPLA na akanyimwa kibali cha kutoka nchini. Mtu aliyekuwa akisafiri kwa ndege za timu kutoka jiji hadi jiji alikwama mjini bila fedha, akisubiri mhuri.

Marafiki wa Marekani, akiwemo Seneta Joseph Lieberman wa Connecticut, walisaidia kumpatia tiketi za kwenda Cairo. Huko nako hakupita moja kwa moja. Ilimchukua miezi sita ya mazungumzo na maofisa wa ubalozi wa Marekani kabla ya kukubaliwa, yeye na familia yake, kuingia nchini humo kama wakimbizi. Hiyo ni nchi aliyoichezea misimu kumi, ambako sura yake ilijulikana hata na watoto. Rekodi za bloku hazikumfupishia foleni.

Wakazi wa Dzaleka hawahitaji kufafanuliwa maana ya miezi sita hiyo. Sera ya Malawi inawataka wakimbizi waishi kambini, na serikali iliposaini mkataba wa wakimbizi wa 1951 iliweka vipingamizi katika haki za kufanya kazi na kutembea. Mwaka 2023 serikali iliamuru waliokuwa wakiishi na kufanya biashara Lilongwe na miji mingine warudi Dzaleka, na Mei mwaka huo polisi wakaanza kuwakamata. Maduka yalifungwa na mitaji ikapotea, hata ya watu waliokuwa wamelipa leseni na kodi kwa miaka.

Mwaka 2002 Manute alikuwa West Hartford, Connecticut, akitafuta fedha kwa njia yoyote. Alipanda ulingoni kupigana ngumi za televisheni na William Perry, mchezaji wa zamani wa mpira wa Kimarekani, akashinda. Alisaini mkataba wa siku moja na timu ya magongo ya barafuni, wakati hakujua kuteleza. Watazamaji walicheka, naye malipo aliyapeleka kwa watoto wa Sudan. Mwaka 2004 teksi aliyopanda ilipata ajali na akaumia vibaya shingoni. Alipopata nafuu alihamia Kansas, akajiunga na shirika la Sudan Sunrise kujenga shule nyumbani kwao, ambazo alitaka ziwe za watoto wa dini zote na makabila yote.

Mapema 2010 alikuwa Sudan kwa ajili ya shule ya Turalei. Aliombwa abaki hadi uchaguzi wa Aprili, akabaki, huku figo zikimsumbua na ugonjwa mkali wa ngozi ukimshambulia. Alifia Charlottesville, Virginia, tarehe 19 Juni 2010, akiwa na miaka 47 kwa hesabu ya zile fomu. Alizikwa Turalei. Miezi saba baadaye Wasudan Kusini walipiga kura ya kujitenga, na tarehe 9 Julai 2011 wakapata nchi, na pamoja nayo pasi yao wenyewe.

Mwanawe, Bol Bol, aliingia NBA mwaka 2019. Baada yake amekuja Khaman Maluach, mzaliwa wa Rumbek aliyekulia Kawempe, Kampala, ambaye naye kazi yake ni kulinda kikapu. Tarehe 5 Aprili 2025 alikuwa Texas na chuo cha Duke kwa nusu fainali ya vyuo. Siku hiyohiyo Marekani ilitangaza kufuta viza zote za wenye pasi za Sudan Kusini. Juni mwaka huo alichaguliwa wa kumi katika drafti, akaenda Phoenix, mji ambao Manute alifunga zile sita.