Papa Oberlin na kanisa la Bonde la Mawe



Katika parokia zetu swali moja hurudi kila mwaka: kazi ya mchungaji ni kuhubiri tu, ama ni pia kuangalia barabara, shule na shamba? Wako wanaosema kwamba mchungaji akishika jembe ameacha wito wake. Wako pia wanaosema kwamba watu wenye njaa hawahitaji mahubiri, wanahitaji miradi. Leo tunawasimulia maisha ya Jean-Frédéric Oberlin, mchungaji Mluteri wa Ufaransa, pamoja na kanisa alilolitumikia kwa miaka 59, kwa sababu maisha hayo yanazijibu pande zote mbili.

Oberlin alizaliwa Strasbourg, katika jimbo la Alsace, tarehe 31 Agosti 1740. Baba yake alikuwa mwalimu. Alisoma teolojia katika mji huohuo, na akiwa bado kijana aliandika kwa mkono wake agano la kujitoa kwa Mungu. Mwaka 1767 alikuwa anajiandaa kuwa mchungaji wa askari jeshini. Ndipo mchungaji Stuber alipomjia katika chumba chake kidogo na kumwomba aende mahali ambapo wachungaji wengi hawakutaka kwenda.

Mahali hapo paliitwa Ban de la Roche, na kwa Kijerumani Steintal, yaani Bonde la Mawe. Ni vijiji vya milimani, katika milima ya Vosges: Waldersbach, Fouday, Belmont, Bellefosse na Solbach. Baridi ni kali na udongo ni mwembamba. Vita vya zamani viliharibu nchi hiyo, na watu walisema lugha yao ya kienyeji ambayo watu wa mjini hawakuisikia vizuri. Inasimuliwa kwamba Stuber, alipofika huko mara ya kwanza, aliuliza shule iko wapi. Akaonyeshwa mzee mmoja aliyewekwa kuwa mwalimu kwa sababu nguvu za kuchunga nguruwe zilikuwa zimemwishia. Stuber alianza kuwafundisha waalimu na kuwaazima watu vitabu. Oberlin alirithi kazi hiyo.

Hakupokelewa vizuri na wote. Masimulizi yanasema kwamba washirika fulani walipanga kumvizia na kumpiga ili aache kuwasumbua na mambo mapya. Alipata habari. Jumapili hiyo alihubiri juu ya uvumilivu wa Mkristo anapotendewa mabaya, kisha baada ya ibada akaenda mwenyewe, bila ulinzi, mpaka nyumbani walimokutana. Aliwaambia kwamba amejua shauri lao na kwamba yuko mbele yao. Hakuna aliyemgusa. Waliomba msamaha, na baadaye wakawa wasaidizi wake.

Kisha ikaja habari ya barabara. Bonde halikuwa na njia nzuri ya kufika Strasbourg. Mavuno hayakutoka, na vyombo vya kazi havikuingia. Oberlin aliwaita watu, akawaonyesha kwamba inafaa kupasua mawe, kujenga kuta za kuzuia udongo na kuweka daraja juu ya mto Bruche, karibu na Rothau. Walikataa; kazi ilikuwa kubwa mno. Yeye akaweka sururu begani, akaenda na mtumishi wake, akaanza. Watu walipomwona mchungaji anapasua mwamba, waliona haya, wakaleta vyombo vyao mmoja baada ya mwingine. Sisi watu wa Congo tunaijua kazi ya namna hiyo, tunaiita salongo. Lakini tofauti ni kubwa kati ya salongo ya kuamriwa na salongo ambayo mkubwa ndiye wa kwanza kuchafuka mikono. Daraja lilijengwa, na likaitwa Daraja la Upendo.

Baada ya barabara alishughulikia chakula. Viazi vya bonde vilikuwa vimedhoofika, hivyo akaleta mbegu nzuri kutoka mbali. Alipanda miti ya matunda kwanza katika shamba lake lililokuwa kando ya njia, ili kila mpita njia aone mwenyewe. Vijana waliojiandaa kwa kipaimara walitakiwa kwanza kuonyesha kwamba wamepanda miti miwili. Aliwatuma vijana mjini wajifunze useremala, uashi na uhunzi, kisha warudi. Alianzisha mfuko wa kukopesha, ili maskini wasiliwe na wenye riba. Mapinduzi ya Ufaransa yalipoleta pesa za karatasi zilizopoteza thamani, alijibidisha kwa miaka mingi kuzikomboa kidogo kidogo, ili raia wa bonde wasidhulumiwe kwa neno la serikali lisilotimizwa.

Mtu anaweza kuuliza: na Injili ilikuwa wapi? Ilikuwa katikati. Oberlin aliwaombea washirika wake kwa majina, mmoja mmoja, na masimulizi yanasema kwamba aliandika kwa chaki mlangoni majina ya wale aliotaka kuwakumbuka mbele za Mungu. Aliwagawia watu Biblia na kushirikiana na chama cha Biblia cha Uingereza tangu mwanzo wa karne ya 19. Mezani pa Bwana aliwapokea pia Wakristo ambao hawakuwa Waluteri. Alikataa sukari na kahawa, kwa sababu vilitoka katika jasho la watumwa waliochukuliwa Afrika kupelekwa visiwa vya Amerika. Kwake, kijiko cha sukari kilikuwa jambo la imani. Barua ya Yakobo, katika sura ya pili, yafundisha kwamba imani isiyotenda ni mfu. Bonde lile liliona imani yenye matendo.

Hatupaswi kusimulia habari hii kama kazi ya mtu mmoja. Katika kijiji cha Belmont, msichana aitwaye Sara Banzet alikuwa anakusanya watoto wadogo na kuwafundisha kusuka soksi. Oberlin alipoona hivyo, hakumnyang'anya kazi, alimwajiri. Pamoja na mke wake, Mama mchungaji Madeleine-Salomé Witter, walieneza vyumba vya namna hiyo vijijini. Humo watoto ambao wazazi wao wako shambani walikaa penye joto, wakasuka, wakaimba, wakasikia habari za Biblia na kujifunza majina ya mimea. Ni moja ya shule za kwanza za watoto wadogo katika Ulaya. Sara alikufa kijana, mwaka 1774. Mama mchungaji naye alifariki mwaka 1783, akiacha watoto saba wenye uhai.

Aliyebeba mzigo baada yake ni Louise Scheppler, binti wa wakulima wa Bellefosse, aliyeingia nyumbani kwa Oberlin akiwa na miaka kama 15. Mama alipokufa, Louise alikataa mshahara, akaomba ahesabiwe kama mtoto wa nyumba. Alilea yatima wale saba, na akawafundisha watoto wa vijiji mvua na theluji zikimpiga njiani. Mwaka 1829 Akademia ya Ufaransa ilimpa zawadi kubwa ya wema. Fedha hizo alizitumia kwa ajili ya kazi ileile. Akina mama wa makanisa yetu wanaofundisha watoto kila Jumapili bila kutajwa, wajue kwamba wana dada yao katika historia.

Jaribu kubwa lilikuja wakati wa Mapinduzi, ibada zilipokatazwa. Oberlin aliwakusanya watu kwa jina la mkutano wa raia, kama sheria ilivyotaka, na katika mkutano huo akaendelea kuwafundisha mema. Mwaka 1794 alikamatwa, lakini muda mfupi baadaye aliachiliwa.

Tuseme pia udhaifu wake. Baada ya kifo cha mke wake aliamini kwamba alikuwa anamtembelea, na alitundika ukutani ramani za mbinguni alizozifikiria. Hayo Maandiko hayatuagizi, na hatuyafuati. Vilevile aliisukuma kando lugha ya kienyeji ili Kifaransa kikae mahali pake. Sisi tunaohubiri katika lugha za mama zetu tunaona hasara iliyomo. Mungu hutumia watu wenye mipaka.

Mwaka 1818 alipewa medali ya dhahabu kwa ajili ya kilimo, na mwaka 1819 serikali ikampa nishani ya heshima. Alifariki tarehe 1 Juni 1826, akazikwa Fouday. Umati ulimsindikiza, na Wakatoliki wa jirani walikuwa kati ya waombolezaji. Watu wa bonde walimwita Papa Oberlin, vilevile kama sisi tunavyomwita mzee tunayemheshimu. Miaka 7 baadaye, Wakristo wa Marekani walifungua chuo huko Ohio wakakipa jina lake, na tangu mwaka 1835 chuo hicho kilipokea wanafunzi weusi, wakati utumwa ulikuwa bado haujakomeshwa nchini humo.

Wapendwa, bonde lile halikusubiri mfadhili kwanza. Lilianza na sururu mbili, sindano za kusukia na orodha ya majina ya kuombewa. Nasi tuulizane katika halmashauri zetu za parokia: ni jiwe gani katika njia yetu ambalo tunaweza kuliondoa wenyewe wiki hii, na ni jina la nani tutaliombea tunapoliondoa? Ni Sara yupi aliyekwisha kuanza kazi kati yetu, naye anangojea tu tumtie nguvu?

Bwana awabariki na kuzithibitisha kazi za mikono yenu. Amina.