Jack Kirby: Aliyewachora mashujaa wa filamu na kukosa haki yake

Kila filamu mpya ya mashujaa inapotangazwa, simu ya studio yetu hujaa ujumbe. Wengine mnauliza itatoka lini. Wengine mnabishana nani mwenye nguvu zaidi, Thor au Hulk. Mwaka 2025 ilitoka The Fantastic Four: First Steps, na sasa gumzo ni Avengers: Doomsday, ambayo imetangazwa kwamba itatoka Desemba 2026. Adui mkubwa humo ni Doctor Doom, yule mtu wa barakoa ya chuma na joho la kijani.

Ndugu msikilizaji, leo tunaacha kidogo habari ya filamu ijayo, tumzungumzie mtu aliyewachora wengi wa hao mnaobishania. Aliwachora kwa penseli, nyumbani kwake, akilipwa kwa ukurasa. Jina lake ni Jack Kirby. Alifariki mwaka 1994, kabla filamu hizi hazijaanza kuingiza mabilioni. Kwa maoni yangu, hakuna aliyechangia sura za mashujaa hao kumzidi. Na hakuna habari ya maisha inayomfaa zaidi kijana mwenye kipaji anayefanya kazi kwa makubaliano ya mdomo.

Mtoto wa fundi wa nguo

Alizaliwa tarehe 28 Agosti 1917 katika jiji la New York, Marekani, akaitwa Jacob Kurtzberg. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia huko kutoka Austria. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo. Waliishi Lower East Side, mtaa wa maskini ambako familia nyingi zilibanana kwenye majengo marefu, na watoto wa mtaa mmoja walipigana na wa mtaa wa pili karibu kila siku. Baadaye ngumi za mtaani zilionekana kwenye michoro yake. Mtu wa Kirby akirusha ngumi, unaona mwili mzima umekwenda nayo.

Hakusomea sana uchoraji. Alijifunza kwa kuiga katuni za magazeti. Alipokuwa kijana alipata kazi kwenye studio ya Fleischer, iliyotengeneza filamu za katuni za Popeye. Kazi yake ilikuwa kuchora picha za katikati, zile zinazounganisha hatua moja na nyingine ili mchoro uonekane unatembea. Aliona kazi ile inafanana na kiwanda cha baba yake, akaondoka. Akajaribu majina kadhaa ya kazi, mwishowe akabaki na Jack Kirby.

Ngumi kwa Hitler

Wakati huo vitabu vya katuni vilikuwa vimeshika kasi Marekani. Vilikuwa vitabu vyembamba vya karatasi ya bei nafuu, vikiuzwa senti 10 kwenye vibanda vya magazeti. Kirby alikutana na Joe Simon, mwandishi na mchoraji aliyekuwa pia mjuzi wa biashara, wakafanya kazi pamoja kwa miaka mingi.

Pamoja walimtengeneza Captain America. Toleo la kwanza liliandikwa Machi 1941 kwenye jalada, lakini liliingia sokoni Desemba 1940. Usishangae tofauti hiyo. Wachapishaji waliweka tarehe ya mbele ili muuzaji asiharakishe kukiondoa kitabu kibandani. Jaladani shujaa huyo anampiga Adolf Hitler ngumi ya taya. Marekani ilikuwa haijaingia vitani. Iliingia Desemba 1941, mwaka mzima baadaye. Kitabu kiliuzwa karibu nakala milioni moja. Pia kilileta barua za vitisho kutoka kwa Wamarekani waliomuunga mkono Hitler, hadi polisi wakawekwa kulinda ofisi.

Hapo ndipo Kirby alipopata funzo la kwanza kuhusu fedha. Yeye na Simon waliahidiwa sehemu ya faida. Walipoona hawapati walichostahili, wakaenda kwa mchapishaji mwingine. Captain America alibaki kwa mwenye kampuni. Katika ofisi ile walimwacha kijana mmoja mtumwa-mtumwa wa ofisi, jamaa wa mke wa mwenye kampuni. Kijana huyo ni Stan Lee, na tutamkuta tena mbele.

Vita ya kweli

Mwaka 1942 Kirby alimwoa Rosalind, ambaye wengi walimwita Roz. Mwaka uliofuata aliitwa jeshini. Mwaka 1944 alipelekwa Ufaransa kama askari wa miguu. Ofisa mmoja alipojua kuwa ni mchoraji, alimtuma kutangulia mbele ya wenzake kuchora ramani na kuchunguza vijiji. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari kuliko zote, kwa kuwa anayetangulia ndiye hukutana na adui wa kwanza.

Majira ya baridi ya mwaka huo miguu yake iliganda kwa baridi. Alilazwa hospitali, na madaktari walifikiria kuikata. Ilipona, akaruhusiwa kurudi nyumbani mwaka 1945. Wapo wachoraji wa vita ambao hawajawahi kusikia mlio wa risasi. Kirby alichora majengo yakibomoka na watu wakikimbia huku akijua hali hiyo ikoje.

Baada ya vita, yeye na Simon walijaribu mambo mengine. Mwaka 1947 walianzisha Young Romance, kitabu cha katuni cha hadithi za mapenzi, na kiliuzwa sana. Kisha mwaka 1954 biashara ikaanguka. Baraza la Seneti la Marekani lilifanya vikao kuhusu madai kwamba katuni zinaharibu watoto. Wachapishaji wakajiwekea kanuni kali, na kampuni nyingi zikafungwa. Kirby, sasa baba wa familia, akajikuta anatafuta kazi popote.

Miaka kumi ya Marvel

Ilipofika mwaka 1958 alirudi kwenye kampuni ile ile ya Captain America, ambayo baadaye iliitwa Marvel. Stan Lee sasa alikuwa mhariri mkuu. Mwaka 1961 wawili hao walitoa Fantastic Four, familia ya watu wanne wenye nguvu za ajabu wanaogombana kama familia yoyote. Mwaka 1962 wakaja Hulk, Thor na Doctor Doom. Mwaka 1963 wakaja X-Men na Avengers. Kasi yake haikuwa ya kawaida: kuna mwaka alichora zaidi ya kurasa 1,000, usiku hadi alfajiri, kwenye chumba kidogo cha chini ya nyumba.

Hapa inabidi tueleze kazi ilivyofanyika, maana mzozo wote umetoka hapa. Kwa kawaida mwandishi huandika hadithi nzima, kisha mchoraji huichora. Marvel haikufanya hivyo. Lee na Kirby walizungumza wazo kwa kifupi, wakati mwingine kwa simu. Kirby akaenda nyumbani akachora hadithi nzima: nani anaingia, nani anapigana, inaishaje. Pembeni mwa kurasa aliandika maelezo. Kisha Lee akaandika maneno wanayosema wahusika. Kwenye kitabu Lee alitajwa kuwa mwandishi, na Kirby kuwa mchoraji.

Mfano ni Silver Surfer, yule mtu wa rangi ya fedha anayeteleza angani juu ya ubao. Mwaka 1966 Kirby alimchora ndani ya hadithi bila kumwambia mtu. Lee alimwona kwa mara ya kwanza kurasa zilipofika ofisini, na mwenyewe alikiri hivyo. Sasa jiulize: aliyemtunga ni nani?

Nisimwonee Lee. Maneno ya wahusika yalikuwa yake, utani ulikuwa wake, na yeye ndiye aliyeweka desturi ya kuandika majina ya wachoraji ukurasa wa mbele wakati kampuni nyingi hazikufanya hivyo. Ila alikuwa na mshahara na cheo. Kirby alilipwa kwa ukurasa tu. Asipochora, hakulipwa.

Mwaka huo huo wa 1966 wawili hao walimleta Black Panther, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda barani Afrika. Alikuwa shujaa wa kwanza Mweusi mwenye nguvu za ajabu katika katuni za kampuni kubwa za Marekani. Wakati ule, Mwafrika kwenye katuni hizo kwa kawaida alikuwa mbeba mizigo wa mzungu. Kirby alimchora mfalme mwenye elimu, na msitu uliojaa mitambo kuliko ya New York. Filamu ya mwaka 2018, aliyocheza Mkenya Lupita Nyong'o, iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Wengi wetu tuliiona kwenye vibanda vya video au kwenye simu, na msitu ule wa mitambo ulikuwepo.

Kuondoka na kurudi

Mwaka 1970 alichoka kuahidiwa, akahamia DC, kampuni ya Superman. Huko aliandika na kuchora mwenyewe hadithi za miungu wapya wanaopigana vizazi kwa vizazi, na adui wao Darkseid. Mimi naziona ni kazi yake kubwa kuliko zote, ingawa maneno ya wahusika wake yalikuwa mazito na Lee angeyalainisha. DC ilimpa uhuru, lakini ilipochapisha Superman wake, ilimpa mchoraji mwingine uso ule auchore upya. Na kabla hadithi haijafika mwisho, vitabu vikasimamishwa.

Alirudi Marvel katikati ya miaka ya 1970, akaondoka tena mwaka 1978. Akaingia kwenye katuni za televisheni. Huko alipata kitu ambacho miaka 40 ya vitabu haikumpa: bima ya afya kwa familia yake.

Kurasa zake mwenyewe

Miaka ya 1980 Marvel ilianza kuwarudishia wachoraji kurasa zao za asili, zile za penseli na wino. Wengine walitakiwa kusaini karatasi moja fupi. Kirby aliletewa hati ndefu ya kurasa nne, yenye masharti ambayo wengine hawakuwekewa, akiahidiwa kurasa 88 tu kati ya maelfu aliyochora. Alikataa kusaini. Wachoraji wenzake walimsimamia hadharani, na mwaka 1987 akapata karibu kurasa 2,000. Nyingine nyingi zilikuwa zimepotea au zimeibwa.

Tatizo lake lilikuwa hili: katika miaka ile ya 1960 hakuwa na mkataba wa kueleweka. Sheria ya zamani ya Marekani ilitazama nani aliyeagiza kazi na nani aliyebeba gharama. Akionekana ni kampuni, basi hakimiliki ni ya kampuni, hata kama kila mstari ulitoka mkononi mwako.

Kirby alifariki nyumbani kwake California tarehe 6 Februari 1994, akiwa na miaka 76. Mwaka 2009 watoto wake walidai sehemu ya hakimiliki. Mwaka huo huo Disney iliinunua Marvel kwa takriban dola bilioni 4. Watoto walishindwa mahakamani mwaka 2011, wakashindwa tena kwenye rufaa mwaka 2013. Walipeleka ombi Mahakama Kuu ya juu ya Marekani, na Septemba 2014, siku chache kabla majaji hawajalijadili, pande mbili zikapatana. Masharti ya mapatano hayakutangazwa. Kinachoonekana ni kwamba jina la Jack Kirby sasa linatajwa kwenye filamu hizo.

Ukiitazama ile Fantastic Four ya mwaka 2025, sikiliza namba ya dunia yao: 828. Ni heshima kwa siku aliyozaliwa, mwezi wa 8 tarehe 28.

Kwa hiyo Doctor Doom atakapotoka Desemba, mimi nitaitazama filamu kama ninyi, na nitabishana kama ninyi. Ila nitasubiri majina ya mwisho yapite, na ninyi msizime simu mapema. Na wewe unayechonga, unayechora mabango au unayeimba kwenye kikundi hapa kijijini: kabla ya kukabidhi kazi, omba makubaliano yaandikwe, yasomeke, na ubaki na nakala yako. Kirby alikuwa hodari kuliko wengi wetu, na bado karatasi aliyoikosa ikiwa na miaka 45 iliwasumbua watoto wake mahakamani.

Tutaijadili habari hii hewani. Tutumie ujumbe utuambie: kwa maoni yako, mwenye shujaa ni aliyemchora, aliyempa maneno, au aliyelipa?