Abeid Karume, baharia aliyetawala kisiwa

Mwaka 1905 Tippu Tip, ambaye misafara yake ya pembe za ndovu ilichangia kukileta Kiswahili Kongo ya mashariki, alifariki Unguja. Mwaka huohuo, kwa mujibu wa kumbukumbu rasmi, Abeid Amani Karume alizaliwa Mwera, katika kisiwa hichohicho. Wenzangu wengi hapa Bunia wanalijua jina la kwanza. La pili huwa nalieleza kila mara. Ndiyo sababu nimeamua kuandika habari za huyu mtu, bila kumpamba na bila kumtukana.

Alisoma kidogo sana. Ujanani alipanda meli, akafanya kazi ya ubaharia miaka mingi na kuona bandari za mbali. Aliporudi nyumbani aliongoza umoja wa wenye motaboti waliochukua abiria kutoka kwenye meli kubwa hadi gatini. Kwa hiyo yeye aliishi kwa wageni kabla kisiwa chenyewe hakijaanza kuishi kwa wageni. Kazi ile ilimfunza kupatana bei na kuwakusanya watu wa bandarini, na nadhani ilimfaa kuliko shule.

Tarehe 5 Februari 1957 jumuiya ya Waafrika na ile ya Washirazi ziliungana, kikazaliwa chama cha Afro-Shirazi, yaani ASP, na Karume akawa rais wake. Mwaka huohuo, kabla ya uchaguzi, wapinzani walikwenda mahakamani kudai kwamba hakuwa mzaliwa wa Zanzibar, kwamba alitoka bara. Walishindwa, na katika kura akamshinda Ali Muhsin Barwani, kiongozi mkubwa wa Hizbu, kwa wingi mkubwa pale Ng'ambo. Nimekaa sana na kisa hiki. Kwetu Ituri maneno mwenyeji na mgeni yamemwaga damu nyingi, na hata Kinshasa swali la nani Mkongomani wa kweli hutolewa kila mtu anapotaka kumzuia mwenzake asigombee. Anayeulizwa alizaliwa wapi haulizwi tena atafanya nini.

Kura hazikukipa chama chake serikali. Juni 1961 vyama viwili vikubwa vilipata viti 10 kila kimoja, cha tatu kikapata 3, na ghasia zilizofuata ziliua watu 68. Julai 1963 ASP ilipata kama asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31. Wingi wa kura zake ulikuwa umerundikana katika majimbo machache. Hesabu ya namna hiyo ni halali kisheria, ila ni vigumu kumweleza mkulima kwamba walio wengi wameshindwa. Uhuru ulitoka tarehe 10 Desemba 1963, na usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 serikali ile ikapinduliwa.

Aliyesikika redioni siku zile alikuwa John Okello, mtu wa Uganda. Karume hakuongoza mapigano, lakini ndiye aliyebaki na madaraka. Okello alifukuzwa baada ya wiki chache. Maelfu ya watu waliuawa, wengi wao Waarabu, na sijaona mizani inayoweza kulipa jambo hilo kwa mazuri yaliyofuata.

Mazuri yalikuwepo, na anayeyakana hawatendei haki waliofaidika. Machi 1964 ardhi ilifanywa mali ya serikali, kisha familia za wakulima zikagawiwa eka tatutatu. Septemba mwaka huo elimu ikatangazwa kuwa bure. Wakaazi wa vibanda vya Ng'ambo walianza kujengewa majumba marefu ya Michenzani, kwa ramani za wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki. Mtu aliyekuwa mpangaji wa shamba la mwingine akawa na eka zake na mtoto wake yuko darasani.

Lakini nani alimuuliza? Hapo ndipo ninapoachana na wanaomsifu tu. Baraza la Mapinduzi lilitunga sheria, likazitekeleza, na uchaguzi haukuitishwa tena maishani mwake. Mahakama za wananchi zilizoundwa mwishoni mwa miaka ya 1960 hazikuruhusu mawakili. Mwaka 1969 Kassim Hanga na Othman Sharif, waliowahi kuwa wenzake, walikabidhiwa na serikali ya Dar es Salaam, wakauawa Zanzibar. Mwaka 1970 wasichana wanne wa Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali, mambo yakafika magazeti ya dunia nzima. Karafuu zilileta fedha nyingi za kigeni, lakini raia walipanga foleni kutafuta mchele na sukari. Hakukuwa na bunge la kuuliza fedha zimewekwa wapi.

Sisi tunaoishi katika jimbo ambalo limetawaliwa na maafisa wa jeshi tangu Mei 2021 tunaifahamu hoja ya mtawala anayesema kwanza usalama, maswali baadaye. Karume aliisema kwa njia yake miaka minane.

Tarehe 7 Aprili 1972 alikuwa Kisiwandui, makao makuu ya chama, akicheza bao na wenzake jioni, kama ilivyokuwa desturi yake. Wanajeshi waliingia wakampiga risasi. Mmoja wao, Humud Mohammed Humud, alikuwa mtoto wa mtu aliyefia mikononi mwa utawala ule. Amezikwa palepale Kisiwandui, na Aboud Jumbe akashika nafasi yake.

Leo karafuu zimewaachia watalii nafasi ya kwanza. Wanashuka katika uwanja wa ndege wenye jina la Karume, wanapelekwa hotelini Nungwi au Paje, na wanakijiji wa pwani wanauliza ardhi yao imekodishwa kwa nani na kwa bei gani. Wanauliza kwa sauti, jambo ambalo baba zao hawakuthubutu mwaka 1970. Uchaguzi wa kwanza wa Zanzibar baada ya mapinduzi ulifanyika 1980, ukiwa na mgombea urais mmoja. Mtoto aliyezaliwa wiki ile ya Januari 1964 alikuwa na umri wa miaka 16.