Akira Kurosawa: Mtu Aliyefundishwa Kutofumba Macho

Wengi wenu mmeshaziona zile fulana za pamba iliyolimwa bila dawa za viwandani, zenye picha ya mzee wa Kijapani mwenye kofia na miwani myeusi. Ukimuuliza aliyeivaa huyo ni nani, atakwambia ni yule wa filamu za samurai, basi. Fulana haina nafasi ya kueleza zaidi. Tumweleze hapa, maana maisha yake yanatugusa sisi tunaosoma mbali na kwetu.

Utoto na tetemeko

Akira Kurosawa alizaliwa Tokyo tarehe 23 Machi 1910, kitinda mimba wa watoto wanane. Baba yake alitoka ukoo wa samurai na alikuwa mkali, lakini alipenda filamu na aliwapeleka watoto wake kuzitazama. Hata hivyo, aliyemfungua akili hasa ni kaka yake Heigo, aliyemzidi miaka minne.

Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko la ardhi liliipiga Tokyo na Yokohama, moto ukafuata, na watu zaidi ya 100,000 wakafa. Ukazuka uvumi kwamba Wakorea wanatia sumu visimani, na maelfu yao wakauawa. Mtaani kwa kina Akira watu walionyesha alama ya chaki kwenye kisima, wakisema ndiyo ushahidi. Kumbe alama hiyo aliichora Akira mwenyewe, mtoto wa miaka 13, akicheza. Sisi tulio wageni katika nchi za watu tunajua uvumi wa namna hiyo unaweza kufika wapi.

Moto ulipozimika, Heigo alimchukua mdogo wake wakatembea kwenye magofu yaliyojaa maiti. Akira alipogeuza uso, kaka alimlazimisha atazame. Usiku ule mtoto alitegemea ndoto za kutisha, lakini alilala fofofo. Heigo akamweleza kwamba anayefumba macho ndiye anayeogopa. Ukilitazama jambo lilivyo, hofu inakutoka.

Heigo alifanya kazi ya kusimulia filamu bubu ukumbini, kama wale jamaa wanaotafsiri filamu kwenye mabanda ya video kule kwetu. Filamu zenye sauti zilipoingia, kazi ile ikafa. Mwaka 1933 Heigo alijiua. Miezi michache baadaye kaka mkubwa naye akafariki. Akira akabaki mtoto wa kiume pekee, ana miaka 23, mchoraji asiye na kipato cha maana.

Kazi na sifa

Mwaka 1935 aliona gazetini tangazo la studio ambayo baadaye ilikuja kuwa Toho. Waombaji walitakiwa kuandika insha juu ya kasoro za msingi za filamu za Kijapani na namna ya kuzirekebisha. Yeye akajibu kwa kejeli kwamba kasoro zikiwa za msingi, hazirekebishiki. Kazi akapata! Alifundwa na mwongozaji Kajiro Yamamoto, na mwaka 1943 akatoa filamu yake ya kwanza, Sanshiro Sugata.

Jina lake lilivuka bahari kwa Rashomon ya 1950, ambamo watu wanne wanasimulia kifo kimoja, kila mmoja kivyake. Wenzangu wa uhandisi watafurahia hapa: msituni walitumia vioo kurudisha mwanga wa jua kwa waigizaji, na mvua ya langoni waliitia wino mweusi ili ionekane kwenye kamera. Mwaka 1951 filamu hiyo ilipata tuzo kuu ya Venice, wakati yeye hata hakujua kwamba ilikuwa imepelekwa huko.

Seven Samurai ya 1954 ina dakika 207. Ilizidi bajeti mpaka studio ikasimamisha kazi, naye akaenda zake kuvua samaki, akijua wameshatumia fedha nyingi mno kuiacha. Pambano la mwisho kwenye mvua na matope alilipiga kwa kamera kadhaa kwa pamoja. Marekani waliigeuza kuwa The Magnificent Seven mwaka 1960. Yojimbo ya 1961 iliigwa na Waitalia bila ruhusa, Toho wakadai, wakalipwa.

Miaka ya giza

Baada ya 1965 mambo yakageuka. Televisheni ilichukua watazamaji, na studio zikamwona ni mtu wa gharama. Waamerika walimtoa kwenye filamu ya Pearl Harbor. Dodes'ka-den ya 1970 ikala hasara. Tarehe 22 Desemba 1971, akiwa na miaka 61, alijaribu kujiua. Aliokolewa.

Hili haliandikwi kwenye fulana, lakini ndilo la kulizungumza sisi kwa sisi. Huyu ni mtu aliyefundishwa tangu utotoni kutazama bila kufumba macho, na bado ulifika wakati akashindwa. Ujasiri peke yake haukutosha. Kilichomrudisha ni watu waliomwita kazini. Wasovieti walimwalika kwao, akaitengeneza Dersu Uzala kwa Kirusi, kwenye baridi kali ya mashariki ya Siberia, nayo ikapata Oscar. Kwa ajili ya Kagemusha ya 1980, George Lucas na Francis Ford Coppola walikwenda kumwombea fedha studio ya Marekani. Ran ya 1985 iligharamiwa kwa msaada wa mtayarishaji kutoka Ufaransa, Serge Silberman. Mke wake Yoko alifariki wakati kazi hiyo ikiendelea. Akaomboleza, kisha akarudi kazini. Alikuwa amejenga ngome nzima kwenye miteremko ya mlima Fuji ili aichome moto mara moja tu mbele ya kamera.

Alifariki Tokyo tarehe 6 Septemba 1998, na miaka 88, ameacha filamu 30.

Kwa hiyo ndugu zangu, mwenzetu anayejifungia chumbani wiki nzima, utafiti umegoma na kubeba maboksi kumemchosha, tusimwambie tu ajikaze. Twendeni tukamgongee mlango. Na mkikosa la kufanya jioni hiyo, wekeni Ikiru ya 1952: karani wa manispaa mwenye saratani ya tumbo anatumia miezi yake ya mwisho kuwajengea watoto uwanja wa kuchezea. Ni saa mbili na nusu hivi, haina upanga hata mmoja.