Willem Einthoven: Mtu aliyeupa moyo karatasi inayosomeka kila nchi

MFANYABIASHARA anayevuka Kikagati, wilayani Isingiro, kwenda Murongo upande wa Tanzania anajua kwamba mzigo usio na karatasi haufiki mbali. Karatasi yenyewe lazima iandikwe kwa namna ambayo ofisa wa upande wa pili ataielewa bila kumfahamu aliyeiandika.

Moyo wa binadamu nao una karatasi ya aina hiyo. Ni ule ukanda wa vijimraba unaotoka kwenye mashine ya ECG, uliochorwa vilima na mabonde. Ukanda uliopigwa Mbarara husomwa bila mkalimani Kampala, Kigali, Nairobi au Dar es Salaam. Sababu ni kwamba mtu mmoja, aliyefariki mwaka 1927, alivipa vilima hivyo majina na kuonyesha vipimwe wapi kwenye mwili. Mtu huyo ni Willem Einthoven.

Einthoven alizaliwa Mei 21, 1860 mjini Semarang, katika kisiwa cha Java, wakati huo koloni la Uholanzi na leo sehemu ya Indonesia. Baba yake, Jacob, alikuwa daktari, lakini alifariki Willem akiwa na miaka sita tu. Mama yake alibaki na watoto sita. Miaka minne baada ya msiba alifunga virago, akawapandisha melini, wakaenda kuanza maisha mapya mjini Utrecht, Uholanzi. Willem aliingia nchi ya wazazi wake akiwa mtoto wa mjane, mzaliwa wa ng'ambo.

Mwaka 1878 alianza kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Utrecht. Alikuwa mwanamichezo aliyependa sarakasi, kupiga makasia na mchezo wa vitara. Siku moja alianguka akavunjika mkono. Badala ya kulalamika, muda wa kuuguza mkono aliutumia kuchunguza jinsi mkono wa binadamu unavyojigeuza, akaandika utafiti juu ya jambo hilo.

Mwaka 1885 alipata shahada ya udaktari wa falsafa, na mwaka huohuo akateuliwa kuwa profesa wa fiziolojia, elimu ya kazi za mwili, katika Chuo Kikuu cha Leiden. Alikuwa na miaka 25. Mwaka uliofuata alimuoa binamu yake, wakajaliwa mabinti watatu na mtoto mmoja wa kiume. Leiden ndiko alikofanya kazi hadi mwisho wa maisha yake.

Wakati huo madaktari walishajua kwamba kila pigo la moyo huanzishwa na umeme mdogo sana. Mwaka 1887 mtafiti Augustus Waller, jijini London, alionyesha kwamba umeme huo unaweza kunaswa kutoka nje ya mwili, bila kupasua kifua. Einthoven alimwona Waller akionyesha kazi yake katika mkutano wa wanasayansi mjini Basel, Uswisi, mwaka 1889.

Kifaa cha Waller kilikuwa mrija mwembamba wenye zebaki. Zebaki ni nzito, kwa hiyo ilichelewa kufuata mwendo wa umeme wa moyo, na mchoro uliopatikana ulikuwa umepotoka. Einthoven alikaa chini na hesabu, akatafuta namna ya kusahihisha makosa ya zebaki ili apate umbo la kweli. Mwaka 1895 aliyapa mawimbi ya mchoro huo herufi P, Q, R, S na T. P ni umeme unaopita katika vyumba vya juu vya moyo. Q, R na S ni umeme wa vyumba vikubwa vya chini, vinavyosukuma damu. T ni vyumba hivyo vikijiandaa kwa pigo linalofuata. Hadi leo hakuna hospitali inayotumia herufi nyingine.

Lakini hesabu ilikuwa kazi ndefu, na mgonjwa hawezi kusubiri profesa amalize kukokotoa. Einthoven akaamua kutengeneza chombo chake mwenyewe. Mwaka 1901 alitangaza galvanomita ya uzi. Ndani yake kulikuwa na uzi wa kwatzi mwembamba kuliko unywele, uliopakwa fedha na kutundikwa katikati ya sumaku kubwa ya umeme. Umeme wa moyo ukipita kwenye uzi, uzi unacheza, na kivuli chake kinapigwa picha. Ili kupata uzi mwembamba kiasi hicho, kwatzi iliyeyushwa kwa moto, ikaunganishwa na mshale, na mshale ukafyatuliwa ukiivuta nyuma yake.

Mashine hiyo ilikuwa na uzito wa takriban kilo 270. Ilijaza vyumba viwili, ilipozwa kwa maji na ilihitaji watu watano kuiendesha. Aliyepimwa alikaa kitini, mikono na mguu vikiwa ndani ya ndoo za maji ya chumvi.

Mashine haikuweza kubebwa hadi hospitali ya Leiden, umbali wa kilomita moja na nusu, na wagonjwa mahututi hawakuweza kuletwa kwenye maabara. Einthoven akatumia nyaya za simu. Machi 1905 umeme wa moyo ulisafiri kwa waya hadi kwenye maabara na kuchorwa huko. Upimaji wa moyo kutoka mbali, unaozungumzwa leo kama jambo jipya la enzi ya simu za mkononi, ulianzia hapo.

Mwaka 1906 alichapisha michoro ya mioyo yenye kasoro. Baadhi ilipiga kabla ya wakati, mingine njia yake ya umeme ilikuwa imeziba, na mingine ilipiga bila mpangilio wowote. Miaka mitatu baadaye daktari Thomas Lewis wa London alieleza kwamba pigo lisilo na mpangilio hutokana na vyumba vya juu vya moyo kutetemeka badala ya kujikaza. Wawili hao waliandikiana barua kwa miaka mingi. Einthoven hakuficha kwamba chombo chake kilipata thamani mikononi mwa madaktari kama Lewis.

Upande wa biashara haukumwendea vizuri mwanzoni. Aliingia makubaliano na fundi wa vyombo wa mjini Munich, Ujerumani, Max Edelmann, kwamba atazitengeneza na kuziuza mashine hizo na kumlipa fungu lake. Baada ya muda Edelmann aliacha kulipa, akidai kwamba wazo la msingi halikuwa la Einthoven. Profesa akageukia kampuni ya vyombo vya sayansi ya Cambridge, Uingereza, na mashine ikaendelea kupunguzwa ukubwa na kuenea.

Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza alikamilisha jambo lililobaki. Alieleza kwamba mkono wa kulia, mkono wa kushoto na mguu wa kushoto vichukuliwe kama pembe tatu zilizo sawa, na moyo ukiwa katikati. Kila daktari akipima katika sehemu hizohizo tatu, mchoro wa nchi moja unaweza kulinganishwa na wa nchi nyingine.

Mwaka 1924 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba. Habari zilimfikia akiwa ziarani Marekani. Inasimuliwa kwamba alimkumbuka fundi wake wa zamani wa maabara, van der Woerd, ambaye alikuwa ameshafariki, na kwamba sehemu ya fedha za tuzo aliwapa dada wa fundi huyo waliokuwa wakiishi kwa shida. Einthoven alifariki kwa saratani Septemba 29, 1927, na akazikwa Oegstgeest, karibu na Leiden.

Kazi yake ilifika Uganda pamoja na hospitali za kisasa. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1948 mtaalamu wa magonjwa J.N.P. Davies alieleza ugonjwa ambao utando wa ndani wa moyo hugeuka kovu gumu. Baadaye madaktari wa Mulago waliona kwamba wengi wa wagonjwa hao asili yao ilikuwa Rwanda na Burundi, watu waliokuja Buganda kutafuta kazi. Baadhi yao mioyo yao pia hupoteza mpangilio wa pigo.

Watu hawajaacha kuingia kutoka upande huo. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Isingiro, yalifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya waliotoka Rwanda. Leo wanaishi na kufanya biashara humo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali, ambao nchi zao zote sasa ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mgonjwa wa moyo wa Nakivale huanzia kituo cha afya cha makazi, akapelekwa hospitali ya rufaa ya Mbarara, na tatizo likiwa kubwa zaidi, Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago. Tanzania nayo imepewa na Jumuiya jukumu la kuwa kituo cha umahiri wa magonjwa ya moyo, chini ya Chuo Kikuu cha Muhimbili.

Katika safari hiyo ndefu, herufi za Einthoven ndizo zinazosema kama pigo la moyo limevurugika kweli. Vyumba vya juu vikitetemeka, kilima cha P hutoweka kwenye ukanda, na nafasi kati ya R moja na nyingine hazilingani. Damu hutuama ndani ya moyo na kuganda. Bonge likichomoka na kufika kwenye ubongo, mtu hupata kiharusi. Ulaya tatizo hili huwapata zaidi wazee. Katika ukanda wetu huwapata pia watu wa umri wa kazi, kwa sababu milango ya moyo iliharibiwa utotoni na homa ya baridi yabisi, itokanayo na maumivu ya koo yasiyotibiwa.

Matibabu huanza kwa dawa za kupunguza mbio za moyo na dawa ya kuzuia damu kuganda. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2022 ulihusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wa aina hii katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini na Kati. Ulilinganisha dawa mpya, rivaroksabani, na dawa za zamani za kundi la wafarini. Wengi walitarajia dawa mpya ifanye kazi sawa na ile ya zamani. Matokeo yakaonyesha kwamba waliotumia dawa ya zamani walikufa wachache zaidi.

Lakini wafarini ina masharti. Ikizidi, mtu huvuja damu, na ikipungua, damu huganda. Damu lazima ipimwe mara kwa mara na kiwango cha dawa kirekebishwe. Kwa mfanyabiashara anayelala leo Mbarara, kesho Kagera na keshokutwa Bukavu, hapo ndipo hatari ilipo. Akifika kliniki ngeni mikono mitupu, daktari hana pa kuanzia. Akifika na ukanda wake wa ECG, majibu ya mwisho ya damu na jina la dawa, daktari yeyote wa ukanda huu ataendelea pale mwenzake alipoishia.