MAREHEMU PADRE DAVID CLEMENT NA NGOMA ZA USUKUMA

Barabara itokayo Lamadi kwenda Mwanza hupita Kisesa, na karibu na hapo ndipo kilipo kilima cha Bujora. Aliyekifanya kilima hicho kijulikane mbali ni Padre David Clement, mzaliwa wa Kanada, wa Shirika la Wamisionari wa Afrika. Wasukuma walimwita Fumbuka. Hakuwa Mlutheri, lakini kazi yake imegusa kila kwaya ya Usukuma inayomsifu Mungu kwa ngoma.

Alipoanza utumishi wake Bujora katika miaka ya 1950, alivikuta vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Wazee husimulia kwamba vilianzishwa katika karne ya 19 na waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindania nguvu za dawa zao. Wanachama hawakulipwa mshahara. Walijiunga kwa hiari, wakalima pamoja kwa mdundo wa ngoma, na baada ya mavuno wakaingia uwanjani. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni lile linalovuta watazamaji wengi zaidi. Kwa hiyo manju hutunga nyimbo mpya, na wapo waliotafuta pia dawa ya kuvuta watu.

Dawa hiyo ndiyo iliyoleta ugumu. Wamisionari wengi, Wakatoliki na Waprotestanti, waliona ngoma na uganga kuwa kitu kimoja, wakawataka waumini waache vyote. Hivyo Mkristo aliingia ibadani akiwa ameziacha nje nyimbo alizolelewa nazo.

Padre Clement alishika njia nyingine. Bujora lilijengwa kanisa la mviringo lenye alama za utemi wa Kisukuma, ili watu watambue kwamba Kristo ndiye Mtemi wao. Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo kwa kawaida huwa mwezi Juni, iliambatana na mashindano ya ngoma yaitwayo Bulabo, maana yake maua. Bagika na Bagalu wakakutana chini ya kivuli cha kanisa.

Mwaka 1963 sheria iliondoa madaraka ya watemi, na ngoma zao za enzi zikawa hatarini kupotea. Mwaka 1968, akishirikiana na wazee wa Kisukuma, alianzisha Makumbusho ya Wasukuma. Humo vyama vya ngoma vilipewa jengo lao, wala habari za waganga hazikufichwa.

Alifariki katika miaka ya 1980. Swali alilolibeba bado liko mbele ya Kanisa: namna ya kuipokea ngoma na kuikataa hofu ya dawa. Martin Luther naye, kuanzia mwaka 1524, aliwapa Wajerumani nyimbo za ibada kwa lugha yao wenyewe. Zaburi ya 150 inaagiza Bwana asifiwe kwa matari na kucheza. Padre Clement aliamini kwamba agizo hilo liliwahusu Wasukuma pia, na kwa imani hiyo astahili kukumbukwa kwa shukrani.