Joseph Lister na Uzi wa Kufungia Mishipa

Bila shaka umewahi kuchomwa na mwiba, na kipande chake kikabaki mguuni. Baada ya siku mbili tatu mahali pale palivimba, pakauma, kisha pakatunga usaha, na kidonda hakikupona mpaka mwiba ulipotolewa. Likumbuke jambo hilo unaposoma habari za Joseph Lister.

Lister alizaliwa mwaka 1827 karibu na London, Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo, lakini alipenda mno kutengeneza lenzi za hadubini. Mwaka 1860 mwanawe akawa profesa wa upasuaji mjini Glasgow.

Hospitali za siku zile zilitisha. Katika wodi za Lister, wagonjwa 35 walikatwa viungo mwaka 1864 na 1866, na 16 kati yao wakafa. Mara nyingi kilichoua si kisu, bali kidonda kilichooza baadaye. Ateri iliyokatwa ilifungwa kwa uzi wa hariri, na ncha za uzi zikaachwa zikining'inia nje ya kidonda, ili uvutwe siku usaha utakapokuwa umekwisha kuulegeza. Fikiri, basi, hatari yake! Uzi ule ulikuwa njia ya vijidudu. Ukuta wa ateri uliweza kuoza, na damu ikafoka ghafula wakati mgonjwa alipodhani amepona.

Mwaka 1865 Lister alisoma kazi ya Louis Pasteur wa Ufaransa, aliyeonyesha kwamba kuoza huletwa na vijidudu. Akaanza kuvitibu vidonda kwa asidi ya kaboliki. Mtoto wa miaka 11, aliyevunjwa mguu na gurudumu la mkokoteni, akapona. Toka 1867 hadi 1869 walikatwa viungo wagonjwa 40, wakafa 6.

Je, na uzi? Lister aliiloweka hariri katika asidi ile, akakata ncha zake ziwe fupi, akaiacha ndani. Lakini hariri hukaa mwilini muda mrefu kama mgeni, mfano wa ule mwiba wako. Ndipo alipojaribu uzi uliotengenezwa kwa utumbo wa kondoo. Mwishoni mwa mwaka 1868 alifunga kwa uzi huo ateri ya shingo ya ndama. Baada ya mwezi mmoja ndama akachinjwa. Unadhani Lister aliona nini? Ateri ilikuwa imefungika, na pale palipokuwa na uzi palikuwa na utepe wa nyama hai.

Lister alifariki mwaka 1912. Siku hizi wapasuaji huweza kushona mshipa wa bandia mahali pa ateri iliyoharibika. Vijidudu vikiuingia mshipa huo, mara nyingi dawa peke yake hazitoshi, kwa kuwa hujishikiza juu yake, mahali ambapo kinga ya mwili haivifikii kwa urahisi. Hapo mpasuaji huutoa, husafisha nyama iliyouzunguka, na pengine huweka badala yake mshipa aliouchukua katika paja la mgonjwa mwenyewe.